Tauni ya Lushoto: Pengo Lililoanzia Darini

Aprili 1980 tauni ilizuka katika vijiji vya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, na haikuondoka upesi. Kwa zaidi ya miaka 20 ilirudi tena na tena, hasa kati ya Oktoba na Machi, ikipiga Mlalo, Shume, Manolo na vijiji vingine vya nyanda za juu. Ilipotulia mwanzoni mwa miaka ya 2000, wagonjwa zaidi ya 7,000 walikuwa wameandikishwa, na takriban 600 kati yao walikuwa wamefariki.

Idadi hizo zina jambo ambalo mijadala ya maendeleo hulipita haraka mno. Waliofariki ni kama asilimia 8 ya waliougua. Nchini Marekani, ambako bakteria huyohuyo, Yersinia pestis, amekita miongoni mwa kindi na panya wa porini wa majimbo ya magharibi, tauni imeua kama asilimia 11 ya wagonjwa hata katika zama hizi za antibiotiki. Ni kweli kwamba wengi Lushoto walitambuliwa kwa homa na mtoki tu, bila kipimo cha maabara, na huenda baadhi yao hawakuwa na tauni. Lakini hata kasoro hiyo ikizingatiwa, mgonjwa aliyewahi matibabu milimani hakuwa mtu aliyetupwa. Dawa yenyewe, streptomaisini, si ya gharama kubwa, na tabibu wa zahanati aliyekwisha kuona mitoki mingi hakuhitaji siku tatu za kujiuliza. Daktari wa Marekani anaweza kustaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja wa tauni.

Basi pengo la tajiri na maskini liko wapi? Liko kwa wanaougua. Marekani nzima hupata wastani wa wagonjwa 7 kwa mwaka. Lushoto, iliyohesabiwa watu takriban 420,000 katika sensa ya 2002, ilipata wastani wa 300 hivi kwa mwaka katika kipindi chote hicho.

Maelezo yake yamo ndani ya nyumba. Katika nyumba nyingi za udongo za Usambara, mahindi huhifadhiwa darini, juu ya meko, ili moshi uyalinde na wadudu. Familia isiyo na ghala haina pahali pengine pa kuweka chakula cha mwaka. Panya hufuata mahindi, na viroboto humfuata panya. Panya akifa kwa tauni, kiroboto mwenye njaa humwacha na kutafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni ya anayelala sakafuni. Wanawake na watoto waliugua kwa wingi, na si ajabu: ndio wanaokaa jikoni na ndio mara nyingi wanaokosa kitanda.

San Francisco iliyajua haya mapema. Tauni iliporudi mjini humo mwaka 1907, Rupert Blue, daktari wa serikali kuu, aliongoza kampeni iliyowinda panya na pia kuwanyima makao: sakafu zilimwagwa saruji, mapipa ya taka yakawekwa mifuniko. Antibiotiki ilikuwa bado haijapatikana. Mji ulioweza kulipia saruji ulijinusuru bila dawa.

Kuna watakaosema kwamba maumbile ndiyo yanayoamua. Milima hiyohiyo inawapa hoja: katika Usambara, maambukizi ya malaria hupungua sana kadiri mtu anavyopanda, kwa sababu baridi huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu. Hilo halina ubishi. Lakini maumbile huweka hatari tu. Kipato, na hasa aina ya makazi, huamua nani atakutana nayo usiku. Ndiyo maana tauni imeendelea kuwasumbua wakulima wa Ituri, mashariki mwa Kongo, na wa West Nile nchini Uganda.

Kielelezo cha Maendeleo ya Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1990 kwa juhudi za Mahbub ul Haq, hupima umri wa kuishi, elimu na kipato. Kilikuwa hatua kubwa, kwani kiliwalazimisha wachumi kutazama zaidi ya fedha. Hata hivyo umri wa kuishi humwonyesha aliyekufa. Hauonyeshi homa, mtoki, wala wiki za shamba kukosa palizi kwa maelfu waliopona. Bajeti nazo zina upofu huohuo. Kihenge kisichopenya panya huandikwa chini ya kilimo, sakafu ya saruji chini ya makazi, na wizara ya afya hubaki na sindano. Kwa Lushoto, kihenge na sakafu vilistahili kuingia kwenye bajeti ya afya tangu mwaka ule wa 1980, na vinastahili hata sasa, wakati zahanati za Mlalo na Shume hazina foleni ya wagonjwa wa tauni.