“Huru na haki”: sifa mbili zinazosikika kama moja

Maneno mawili ya Kiingereza, “free and fair”, husikika kila nchi ya Afrika inapopiga kura. Katika habari za Kiswahili hufasiriwa kuwa uchaguzi “huru na wa haki”, na mazoea yameyafanya yasikike kama sifa moja. Ni sifa mbili, na uchaguzi unaweza kuwa na moja ukaikosa nyingine.

“Free” humhusu mtu: mpiga kura asitishwe wala kuhongwa, mgombea asizuiwe kuhutubia. “Fair” huhusu ushindani wenyewe, yaani daftari la wapiga kura, matumizi ya mali ya umma na uhesabuji wa kura. Mgombea anayeruhusiwa kufanya mikutano popote, lakini asiyepewa hata dakika tano katika redio ya taifa, yuko huru ila hajatendewa haki.

Tafsiri nayo ina mtego wake. “Haki” ni neno zito kuliko “fair”. Msikilizaji akiambiwa kuwa uchaguzi haukuwa wa haki, huelewa kwamba kura zimeibwa, ilhali mwangalizi huenda alikusudia tu kusema kuwa uwanja haukuwa sawa. “Huru” pia hutumika kwa tume isiyoingiliwa na serikali, jambo ambalo Kiingereza hulitaja kwa neno jingine kabisa.

Kuna mahali ambapo jozi hii ilikuwa na nguvu ya kisheria. Nchini Namibia, baada ya upigaji kura wa tarehe 7 hadi 11 Novemba 1989, Martti Ahtisaari, mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alithibitisha kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Bila uthibitisho huo, safari ya kuelekea uhuru wa Machi 1990 isingeendelea kama ilivyopangwa.

Katiba ya Uganda, ibara ya 61, inaitaka Tume ya Uchaguzi kuhakikisha chaguzi huru na za haki. Hata hivyo, Aprili 2006, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikiri kwamba msingi huo ulikiukwa katika baadhi ya maeneo kwa hongo, vitisho na vurugu, kisha kwa kura 4 dhidi ya 3 ikaacha matokeo ya urais yasimame. Kwa majaji walio wengi, kasoro hizo hazikuthibitishwa kuwa zilibadili matokeo kwa kiasi kikubwa.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Waangalizi wa kimataifa walikuwa wameusifu upigaji kura wa tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais kwa kura 4 dhidi ya 2, kwa sababu zilizogusa hasa jinsi matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa. Sifa za waangalizi zilihusu siku ya kura. Mahakama iliangalia mchakato mzima.

Waangalizi wa Umoja wa Ulaya huiepuka jozi hii katika hitimisho zao, wakipendelea kueleza hatua kwa hatua kilichokwenda sawa na kilichokwenda kombo. Wengine huiongezea “kwa kiasi kikubwa”. Maneno hayo matatu hayafai kuachwa katika tafsiri, hata habari ikiwa ya sekunde thelathini.