Maua Yasiyonyauka ya Mlima Elgon

Maua yasiyonyauka ya milima ya Afrika Mashariki ni ya jenasi ya Helichrysum, mimea ya kudumu ya ukoo wa alizeti. Majani yake yamevikwa manyoya meupe yanayoukinga mmea na jua kali la mchana na jalidi ya usiku. Kinachodhaniwa kuwa petali ni vijani vikavu vinavyochakarika vikiguswa, na ndiyo sababu ua lililokatwa hubaki na umbo lake kwa miezi mingi.

Alupe, karibu na Busia magharibi mwa Kenya, penye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ni chini mno kwa mimea hiyo. Makao yake hata hivyo hayako mbali: kaskazini mashariki mwa mji wa mpakani wa Malaba umesimama mlima Elgon, wenye mita 4,321, na huko juu, msitu unapokoma, huota Helichrysum formosissimum, yenye maua meupe yaliyoingia wekundu.

Historia iliyoandikwa ya jamaa zake imejaa wasafiri. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari Mmethodisti wa Ribe karibu na Mombasa, alipitia kwa Mangi (mtawala) Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kama Mandara, akaipanda Kilimanjaro hadi penye theluji. Mimea aliyochuma ilipelekwa bustani ya mimea ya Kew, London, na mmoja ukaitwa Helichrysum newii. Safari nyingine haikuwa njema: Rindi yuleyule alimnyang'anya mali, naye New akafa mwaka 1875 akirudi pwani. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, alipata H. meyeri-johannis, naye Franz Stuhlmann, aliyepanda Rwenzori mwaka 1891, akapata H. stuhlmannii. Wapagazi na waongoza njia, ambao bila wao hakuna jani ambalo lingefika Ulaya, hawamo katika majina hayo.

Elgon yenyewe ilivukwa na msafara wa Frederick Jackson na Ernest Gedge mwaka 1890. Ulinganisho wa kina wa mimea ya milima ya Afrika Mashariki ulimngoja Msweden Olov Hedberg, aliyezuru milima hii mwaka 1948 na kutoa kitabu chake kikuu cha mimea hiyo mwaka 1957.

Anayetaka kuotesha jamii hii hutawanya mbegu zake ndogo juu ya udongo wa kichanga bila kuzifukia, mahali penye jua. Adui mkubwa ni maji yanayotuama, kwani majani yenye manyoya huoza upesi. Maua ya kukausha huchumwa kabla hayajafunguka kabisa, yakaning'inizwa kivulini vichwa chini.