Presha Si ya Wazee: Umri na Upimaji wa Moyo Meru na Embu

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni huko Kisii, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima shinikizo la damu la Waafrika 1,000. Hadi kufikia miaka 40 hivi, vipimo vyao vilikaribiana na vya Wazungu. Baada ya hapo njia zikaachana: shinikizo la Wazungu lilizidi kupanda kadiri walivyozeeka, la watu wa Kisii likateremka. Kwa miaka miwili, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakumwona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake, daktari huyo alijuaje umri wa watu wasiokuwa na vyeti vya kuzaliwa. Hata hivyo A. G. Shaper alipowachunguza Wasamburu miaka ya 1960, wafugaji walioishi kwa maziwa na nyama, naye hakuona presha ikipanda pamoja na umri.

Naanza mbali na Mlima Kenya kwa makusudi. Kuanzia Maua hadi Nkubu, kuanzia Runyenjes hadi Siakago, wengi husema kwamba presha ni ugonjwa wa wazee, na kijana akiambiwa akapimwe hucheka. Kauli hiyo ina madhara kuliko inavyoonekana. Kama uzee wenyewe ndio ungeleta presha, wazee wa Kisii wa mwaka 1929 wangekuwa nayo. Umri hauleti ugonjwa; unahesabu tu muda ambao mishipa imekaa na chumvi, unene, tumbaku, pombe na fadhaa. Anayeanza kuhesabiwa akiwa na miaka 20 hufika 45 akiwa na deni la miaka 25.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu Waluo waliohamia Nairobi ulionyesha deni hilo linavyoanza haraka. Miezi michache tu baada ya kuhama, shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki kijijini, na mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi na potasiamu kidogo. Mkulima wa Imenti Kusini au Manyatta hakuhitaji kuhama. Barabara ya lami ilimletea mji mlangoni: mafuta ya kupikia ya kupimiwa dukani, mchuzi wa kukolezwa kwa vikolezo vya pakiti, soda, bodaboda badala ya miguu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwakuta takriban robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wakiwa na shinikizo la juu, na asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani.

Kwa hiyo desturi ya kusubiri miaka 40 ndipo mtu afikirie moyo wake inastahili kupingwa. Lakini sisemi kila mtu apimwe kila kitu. Moyo hutishwa na mambo tofauti katika umri tofauti, na kipimo kinachofaa hubadilika pia.

Kwa mtoto wa shule, hatari haiko kwenye presha. Iko kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiugua koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoka asitibiwe, anaweza kupata homa ya rumatiki: viungo vinavimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Maumivu hupoa yenyewe na mzazi hushukuru Mungu. Kumbe vali za moyo zimeshapata kovu, na mtoto huyo, kama ni msichana, huenda akafika hospitalini akiwa na miaka 25, mjamzito, akihema kwa kupanda mlima aliouzoea tangu utotoni. Kinga yake ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Aliyekwisha kuugua huhitaji sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Hapa kifaa cha thamani ni stethoskopu na mwalimu anayejua kuuliza mtoto kwa nini anachechemea.

Wanawake wana nafasi ambayo wanaume hawana. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki hupimwa presha, na namba huandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Aliyepata presha ya ujauzito yenye dalili za kifafa cha mimba ana hatari karibu mara mbili ya ugonjwa wa moyo au kiharusi katika miaka inayofuata, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua. Taarifa hiyo imeandikwa, ina tarehe, na iko nyumbani kwake. Chanjo za mtoto zikiisha, kijitabu huingia sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Sijui kumbukumbu nyingine ya afya iliyo nzuri kiasi hicho na inayosomwa kidogo kiasi hicho. Muuguzi anayemwona mama wa miaka 38 kwa ajili ya malaria angemwuliza swali moja tu kuhusu mimba zake, angejua apimwe mara ngapi.

Wanaume vijana ndio waliosahaulika, na huku kwetu suala lao haliwezi kutenganishwa na miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere. Kathinoni, kemikali iliyo katika majani mabichi ya miraa na muguka, huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha kwa saa kadhaa. Huharibika upesi, ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari hukimbia nayo kama yamebeba mgonjwa. Utafiti wa Yemen uliochapishwa mwaka 2005 ulihusisha utafunaji mwingi na mshtuko wa moyo. Mei 2024 Mombasa ilipopiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha agizo hilo, na mjadala wote ukawa wa soko: nani atapoteza mapato, nani anamwonea nani. Naelewa. Karo za shule za Mbeere zinatoka katika kichaka hicho. Lakini kulitetea zao hakukatazi kumpima anayelitafuna, hasa anayekesha nalo na sigara mkononi. Kituo cha kufungia miraa mjini Laare hukusanya vijana wengi kwa asubuhi moja kuliko zahanati kwa mwezi.

Ikifika miaka 40, basi, hesabu inabadilika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria hatari ya miaka kumi kwa watu wa miaka 40 hadi 74, moja ikiwa ya Afrika Mashariki, na ipo inayotumika bila maabara: umri, jinsia, sigara, presha, na uzito kwa kulinganisha na urefu. Inatosha kwa zahanati. Vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima vinavyotangazwa mijini havinishawishi sana. Kipimo cha umeme wa moyo kwa mtu asiye na dalili yoyote kinaweza kutoka safi leo naye akafa mwezi ujao, ilhali presha yake ya miaka kumi haikuandikwa popote.

Vifaa vipo zaidi kuliko zamani. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine za presha na za sukari. Tatizo lililobaki ni dogo kiasi kwamba halizungumzwi kwenye warsha. Miinuko ya Meru ina baridi, na watu hupimwa juu ya sweta. Nimekaa uani nikiangalia. Mzee ametoka kuchuma kahawa, ameketi kwenye kigoda bila pa kuegemea, miguu kaikunja, anasimulia bei ya chama cha ushirika, mkanda umefungwa juu ya sufi. Kila moja ya hayo hupotosha namba, na yakijumlishwa humpa mtu dawa asizohitaji au humnyima anazohitaji.

“Mzee, toa sweta kwanza,” mhamasishaji akasema.

“Na baridi hii, daktari?”

Akatoa. Akaegemezwa ukutani, mkono ukawekwa juu ya meza usawa wa moyo, wakanyamaza dakika tano. Namba ya pili ilikuwa chini ya ile ya kwanza, na ya tatu ikafanana na ya pili, ndiyo iliyoandikwa. Mjukuu wake, kijana wa miaka 26 hivi, alikuwa amesimama kando na shavu limejaa.

“Na wewe, kaka, njoo.”

“Mimi? Presha ni ya babu,” akasema, akicheka.

Mzee akamsogezea kigoda.