Manowari Zilizozama Sakafuni

Enzi ya manowari kubwa za mizinga ilianza kutiliwa shaka sakafuni kabla ya baharini. Sakafu hiyo ilikuwa Newport, jimbo la Rhode Island, Marekani, katika Chuo cha Vita vya Majini kilichoanzishwa mwaka 1884. Ofisa aitwaye William McCarty Little aliingiza michezo ya vita chuoni hapo mwaka 1887, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikachukua sehemu kubwa ya masomo. Sakafu iligawanywa miraba, meli ndogo za mfano zikapangwa juu yake, na pazia likazitenga pande mbili ili asiwepo wa kumwona mwenzake bure. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika tatu za vita. Waamuzi, majedwali ya hesabu mikononi, ndio waliotamka kombora lipi limepata na meli ipi imepungua nguvu kiasi gani.

Wakati huo mfalme wa bahari alijulikana. Manowari yenye mizinga ya inchi 16 ilirusha kombora la karibu tani moja umbali wa kilomita 30 hivi. Hata michezo ilizaliwa na mzinga: Mwingereza Fred T. Jane, yule aliyeanzisha kitabu maarufu cha manowari za dunia, alitoa mchezo wake mwaka 1898, na humo mchezaji alipiga picha ya meli ya adui kwa kifimbo chenye sindano. Penye tundu ndipo kombora lilipoangukia. Unaona, unalenga, unapiga.

Admirali William Sims aliporudi kukiongoza chuo cha Newport mwaka 1919, aliruhusu sakafuni chombo ambacho Marekani haikuwa nacho bado: meli ya kubeba ndege. Ya kwanza, Langley, iliyotokana na meli ya makaa ya mawe, iliingia kazini mwaka 1922 tu. Michezo ilimbadilisha Sims mwenyewe. Kufikia mwaka 1925 alikuwa akitangaza hadharani kwamba meli ya ndege yenye mwendo wa kasi ndiyo itakayokuwa meli kuu ya kivita.

Lakini aliyevuna zaidi pale, kwa maoni yangu, ni Joseph Reeves, mwanafunzi wa mwaka 1923 ambaye baadaye alisimamia mafunzo ya mbinu za vita chuoni hapo hapo. Somo walilolipata watu wa Newport lilikuwa la hesabu. Mizinga humla adui kidogo kidogo, dakika baada ya dakika, kwa hiyo mwenye mizinga mingi hushinda polepole. Ndege haziji hivyo. Huja zote kwa pigo moja, kisha bahari hutulia mpaka zirudi, zijazwe mafuta na mabomu, ziruke tena. Kwa hiyo kilicho muhimu ni idadi ya ndege unazoweza kurusha kwa mara moja, na nani ametangulia kurusha. Reeves alipokabidhiwa vikosi vya ndege mwaka 1925, aliibana Langley mpaka ikabeba ndege zaidi ya mara mbili ya zile alizozikuta. Aliwazoeza mabaharia kuzisukuma na kuzipanga dekini haraka ili ya nyuma itue bila kungoja.

Januari 1929 mchezo ukahamia majini. Katika luteka karibu na Panama, meli ya ndege Saratoga ilichomoka kwenye kundi lake ikiwa na Reeves ndani, na alfajiri ikarusha karibu ndege 70 kuelekea mfereji. Waamuzi waliridhika kwamba malango ya mfereji yangebomolewa. Waliamua pia kwamba Saratoga yenyewe imeshazamishwa, na kila upande, wa ndege na wa mizinga, ukabeba nusu ya hukumu iliyoupendeza. Miaka mitatu baadaye, Jumapili ya tarehe 7 Februari 1932, Admirali Harry Yarnell aliishambulia Pearl Harbor katika luteka nyingine, akitumia meli za ndege Lexington na Saratoga. Bado bajeti na heshima zilibaki kwenye mizinga.

Wajapani nao walicheza. Mapema Mei 1942, ndani ya Yamato, manowari kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa, maofisa waliujaribu mpango wa kukiteka kisiwa cha Midway cha Wamarekani. Dadu zilitoa mabomu tisa juu ya meli za ndege za Japani, na Akagi na Kaga zikahesabiwa zimezama. Mwamuzi mkuu, Admirali Matome Ugaki, akapunguza yakawa matatu: Kaga imezama, Akagi imeumia kidogo. Mchezo ulipoendelea na hatua iliyofuata ya mpango, Kaga ikaibuka na kuendelea na kazi. Tumtendee haki Ugaki: mashambulizi yaliyochezwa yalikuwa ya ndege za kisiwani, na siku ya vita yenyewe ndege hizo hazikuzipata kwa bomu hata moja meli za Admirali Nagumo, aliyeongoza meli za ndege za Japani. Kosa lake kubwa ni kuifufua Kaga na kuendelea na safari bila kuuliza itakuwaje zikipotea kweli. Tarehe 4 Juni, ndege za meli za Marekani Enterprise na Yorktown ziliziwasha moto Akagi, Kaga na Soryu kwa dakika chache tu, na Hiryu ikafuata alasiri. Yamato ilikuwa mamia ya kilomita nyuma na mizinga yake ya sentimita 46.

Pwani yetu iliuonja mgeuko huo. Aprili 1942 meli za Nagumo zilipoishambulia Ceylon, Hermes, meli ya ndege ya Uingereza, ilizamishwa ikiwa haina ndege hata moja dekini. Manowari nne za zamani, Resolution, Ramillies, Revenge na Royal Sovereign, ziliondolewa njiani na kupelekwa Kilindini, Mombasa, kwa sababu mbele ya ndege zile mizinga yao haikuwa na la kufanya.

Baada ya vita, michezo ya sebuleni ilimrudisha mfalme wa zamani. Ule wa Milton Bradley wa mwaka 1967 una jina la manowari ya mizinga, na meli ya ndege humo ni shabaha ndefu tu ya miraba mitano. Kwenye kompyuta, watengenezaji wa World of Warships walibadilisha kabisa uchezaji wa meli za ndege mwaka 2019, ili mchezaji arushe kikosi kimoja kwa mkono wake badala ya kuvitawala vyote kutoka juu. Naelewa sababu: mapambano ya mizinga yana moshi na mshindo, na mtu hukubali kushindwa na adui anayemwona.

Mimi nauheshimu zaidi ule wa Avalon Hill wa Midway, wa mwaka 1964, ambao kila mchezaji huficha meli zake na kumtafuta mwenzake mraba kwa mraba, na Flat Top wa mwaka 1977, mgumu na wa saa nyingi. Humo ndege zilizotua lazima ziandaliwe upya kabla ya kuruka, na anayekutwa zake zikiwa dekini wakati za mwenzake ziko angani hana manowari ya kumwokoa.