Pumzi ya Wakimbiaji wa Gusii

Mwezi wa Julai mwaka 1954, katika uwanja wa White City, London, Nyantika Maiyoro wa Kisii, katika milima ya Wagusii nchini Kenya, akiwa miguu mitupu, alichomoka tangu mwanzo wa mbio za maili 3 akawaacha Waingereza mashuhuri kwa masafa ambayo watazamaji waliyadhani ni wazimu mtupu. Na ijapokuwa Freddie Green na Chris Chataway walimpata na kumpita, hawakumshinda ila kwa kuvunja wote wawili rekodi ya dunia.

Miaka 14 baadaye, tarehe 13 Oktoba 1968, mjini Mexico, ambako ardhi imeinuka mita 2,240 juu ya bahari, askari wa Kenya aliyezaliwa Nyamira, huko huko Gusii, Naftali Temu, alimfukuza Mamo Wolde wa Ethiopia katika mzunguko wa mwisho wa mita 10,000, akampita karibu kabisa na utepe, akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Naye Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka hoi, hata ikabidi atiwe oksijeni.

Matabibu husema kwamba mwili uliolelewa milimani, penye hewa haba, huzidisha chembe nyekundu za damu zichukuazo oksijeni.

Wako waliosema, basi, kwamba Temu alibebwa na mlima. Hoja hiyo naiona pungufu, kwani mwaka 1966, huko Kingston, Jamaika, mji wa pwani usio na uhaba wa hewa kwa yeyote, Temu huyo huyo alikwisha kumshinda Clarke huyo huyo katika maili 6, tena kwa zaidi ya sekunde 20. Wala damu nzito ya milimani haitoshi kueleza habari za Munich, mwaka 1972, katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa watu 4, ambazo ni mbio za kasi kuliko za ustahimilivu: Kenya ilitwaa dhahabu, na katika wanne wale, watatu, yaani Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, walikuwa Wagusii.