Kaomwa: mzizi wetu, jina la wengine

Wadau, ukitaja Nachingwea kila mtu anakimbilia mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947. Mimi leo nawaletea kaomwa, mmea unaopanda miti huko Nachingwea, Ruangwa hadi ng'ambo ya Ruvuma. Mzizi wake ni mchungu kweli kweli. Umetumika kama dawa ya tumbo la kuendesha na kuhara damu. Wareno waliufanyia biashara, na mwaka 1773 daktari Thomas Percival wa Manchester akauandikia. Ila Ulaya waliuita mzizi wa Colombo, eti unatoka Ceylon! Mwaka 1805 tu ndipo Mfaransa Fortin alipoufikisha mzima Madras, akitokea Msumbiji. Waliouchimba, wakaukata vipande na kuuanika, vitabuni mle hawana majina.