Kamera ya kipima-masafa ya kidijitali

Kamera ya kipima-masafa ya kidijitali ni chombo ambacho mpiga picha hutazama kwa kidirisha kilicho kando ya lenzi, akizungusha pete mpaka taswira mbili za kitu kimoja zilingane, ndipo picha inaswe na kihisi badala ya filamu. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Epson R-D1 ya mwaka 2004, ambayo, ijapokuwa haina filamu ya kusogezwa, bado ilidai wenzo uvutwe kwa kidole gumba kabla ya kila picha. Zikafuata Leica M8 (2006) na M9 (2009), hii ya pili ikiwa na kihisi kilicholingana na filamu ya milimita 35.

Fadhila yake kubwa ni kwamba haina kioo cha kuinuka kwa kishindo, na kidirisha, kwa lenzi zisizo pana mno, huonyesha hata yaliyo nje ya mipaka ya picha, hivi kwamba apigaye picha ngoma ya Wazigua huko Handeni humwona mchezaji kabla hajaingia pichani. Ila zake nazo si haba: lenzi zinazozidi milimita 135 haziafikiani na kidirisha, vitu vilivyo karibu kuliko sentimita 70 aghalabu havilengiki, na M8, kwa kuhisi mionzi isiyoonekana kwa macho, iligeuza baadhi ya nguo nyeusi za nailoni kuwa za zambarau, hata ikalazimu kufungwa kichujio mbele ya lenzi.